Kozi Yako Ina Uzito Gani Kwenye Simu ya Mwanafunzi?

SWALI: Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja hapa Kakamega, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa kwanza, nao ni 312. Chuo kimeweka Moodle, mfumo wa kuendesha kozi mtandaoni, na tumeagizwa tuitumie. Nimepakia nota zote, nimerekodi mihadhara ya video ya saa mbili mbili, na kila Jumatano saa mbili hadi saa nne usiku tuna kipindi cha mtandaoni. Juzi niliangalia rekodi za mfumo: waliofungua video hawafiki robo ya darasa, na kipindi cha Jumatano huanza na watu 120 kikaisha na 30. Wengine wananiandikia WhatsApp saa sita usiku wakiomba nota zilezile. CAT ya kwanza, yaani jaribio la katikati ya muhula, ilivurugika stima ilipopotea. Ofisi ya TEHAMA ina watu wawili na majibu yao huchukua wiki. Je, niombe chuo kinunue mfumo mwingine, au wanafunzi hawa hawana nia ya kusoma?

JIBU: Mwalimu, nianze na lile la mwisho, maana ndilo lililonikaa rohoni. Wanafunzi wako wana nia. Mtu anayekesha hadi saa sita usiku akimwomba mhadhiri wake nota ana nia ya kutosha, njia ndiyo iliyomkwamia. Mfumo nao usiubadilishe. Moodle ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas kule Australia, haina ada ya leseni, na karibu kila kitu utakachohitaji muhula huu kimo humo humo. Kinachokuangusha ni uzito wa kozi yako, na uzito huo wewe huuoni kwa sababu unaifungua kutoka kwenye kompyuta ya ofisi.

Mwaka jana mhadhiri mmoja hapa Kisumu aliniletea malalamiko yanayofanana na yako kama shilingi kwa ya pili. Nilimwomba tuache kompyuta ofisini tutoke nje. Kwenye benchi karibu na maktaba tulimkuta mmoja wa wanafunzi wake, msichana wa mwaka wa kwanza, tukamwomba atuonyeshe jinsi anavyoingia kwenye kozi. Simu yake ilikuwa na ufa kwenye kona ya kioo, na nafasi iliyobaki ndani haikufika gigabaiti moja. Wi-Fi ya maktaba haikufika pale nje, kwa hiyo alikuwa anatumia bando yake. Akabofya Wiki ya 3. Faili ilikuwa na kurasa 28, na kila ukurasa ni picha ya daftari la mhadhiri iliyopigwa kwa simu, megabaiti 3 kila moja. Jumla 84. Kile kiduara cha kupakua kikazunguka, kikazunguka, kisha ukaingia ujumbe kwamba bando imekwisha. Msichana hakulalamika. Alisema tu, “Mwalimu, hii huwa tunaingoja kwa WhatsApp. Kuna mwenzetu huipakua akiwa saiba halafu anatutumia picha moja moja, zinakuja zikiwa nyepesi.”

Mhadhiri yule alinyamaza. Muhula mzima alikuwa akiamini kwamba wanafunzi wanakimbilia WhatsApp kwa uvivu. Kumbe WhatsApp huzibana picha zinapotumwa, na wanafunzi walikuwa wameigundua njia hiyo wenyewe bila kufundishwa na mtu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa kweli sijaona mahali ambapo methali hiyo inakaa vizuri kuliko kwenye kozi za mtandaoni.

Kwa hiyo, kabla hujaandikia chuo barua yoyote, kaa na kalamu upime. Video iliyohifadhiwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde (megabiti 8 ni megabaiti 1), ambayo ni ya kawaida tu, hula megabaiti 450 kwa saa. Mhadhara wako wa saa mbili basi ni megabaiti 900. Zidisha kwa wiki 12 za muhula, unapata gigabaiti 10.8 kwa somo moja, na mwanafunzi huyo ana masomo sita au saba. Sasa chukua sauti peke yake, iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa mtu anayeongea. Dakika 20 ni megabaiti 4.8. Ongeza nota zilizochapwa, ambazo hazifiki megabaiti moja, uzidishe kwa wiki 12. Muhula wote unaingia kwenye megabaiti 70. Mwalimu ni yuleyule na maudhui ni yaleyale.

Kuna jambo jingine ambalo wahadhiri wengi halijawapitia akilini. Bando ambazo wanafunzi wetu hununua mara nyingi huhesabiwa kwa muda, tena muda mfupi: saa moja, siku moja. Mwanafunzi aliyenunua bando ya saa moja anaweza kupakua nota za wiki nne kwa dakika tano akabaki na salio la kufanya mambo mengine. Lakini kipindi chako cha Jumatano cha saa mbili kinamtaka anunue mara mbili, akae mahali penye mtandao mzuri, tena usiku, wakati huohuo wenzake wote wa ploti wako mtandaoni. Wale 90 wanaopotea katikati, mimi ningeanza kwa kuuliza ni wangapi kati yao bando iliwaishia saa tatu kamili. Nakushauri kipindi hicho ukipunguze kiwe cha dakika 40, kamera zimezimwa, kazi yake ikiwa kujibu maswali peke yake. Mhadhara wenyewe uwe umeshatangulia kwa sauti na maandishi. BigBlueButton, programu ya vipindi vya moja kwa moja mtandaoni, ambayo kuanzia toleo la 4.0 imo ndani ya Moodle yenyewe, inafanya kazi hiyo vizuri, na mwanafunzi anaweza kuingia kwa kusikiliza tu.

Tuje kwenye nota. Zichape. Najua ni kazi, na kwa somo lenye fomula na majedwali ni kazi maradufu, lakini ukishazichapa mara moja utazitumia miaka mitano. Zitoe kama PDF, si kama slaidi, kwa sababu slaidi zikifunguliwa kwenye simu ndogo maandishi hupangana ovyo. Kama ni lazima kuwe na picha, kwa mfano grafu, tumia ile amri ya kubana picha iliyomo kwenye programu yako ya kuandikia kabla ya kuhifadhi faili. Kila wiki iwe na faili moja yenye jina linaloeleweka: “Wiki ya 3 – Wastani” ni bora mara mia kuliko “Scan_0047”. Na uandike ukubwa wake pembeni, “MB 0.6”, ili mwenye bando ndogo aamue mwenyewe. Moodle inaweza kuonyesha ukubwa huo yenyewe ukiweka alama kwenye mipangilio ya faili.

Kuchapa kuna faida nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Kama katika hao 312 kuna mmoja asiyeona, au anayeona kwa shida, simu yake ya Android ina TalkBack inayomsomea maandishi kwa sauti. Ikikutana na picha ya daftari lako, TalkBack mara nyingi haina cha kusoma. Mwanafunzi huyo atakuwa ameingia kwenye kozi, amefungua faili, na amekuta ukurasa bubu. Nimewahi kukaa karibu na kijana mmoja akijaribu faili baada ya faili namna hiyo, kichwa amekiinamisha ili asikie vizuri, na simu ikimtajia jina la faili tu kisha kimya. Sitaki mwanafunzi wako apitie hayo.

Halafu wafundishe wote kutumia apu ya Moodle, si kivinjari peke yake. Apu hiyo inamruhusu mwanafunzi kupakua wiki nzima akiwa chuoni kwenye Wi-Fi, akaenda zake Lurambi au Amalemba anakopanga, akasoma usiku bila hata megabaiti moja. Akiandika kazi yake humo bila mtandao, itajituma yenyewe atakaporudi kwenye Wi-Fi. Vyuo vyetu vingi vinapata intaneti kupitia KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti nchini ulioanzishwa mwaka 1999, na kama chuo chako kimejiunga na eduroam, huduma ya Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, mwanafunzi wako aliyekwenda nyumbani Njoro anaweza kuingia Chuo Kikuu cha Egerton, simu yake ikashika Wi-Fi ya pale kwa akaunti ileile ya Kakamega, mradi chuo hicho nacho kina eduroam. Waulize TEHAMA. Nimeona vyuo ambako huduma hiyo ipo na wanafunzi hawajui hata jina lake.

Sasa CAT. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa funzo lake nililipata kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikisaidia wakati huo, nilipanga CAT ya dakika 60 ikafunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa tisa kamili. Unajua mchana wa upande wetu ulivyo: jua la asubuhi, mawingu saa saba, radi saa nane. Mvua ikashuka, stima ikaondoka, na mtandao nao ukafuata. Kwenye mipangilio nilikuwa nimechagua kwamba kazi isiyowasilishwa na mwanafunzi mwenyewe kabla ya muda kwisha isihesabiwe. Niliona huo ndio uadilifu. Kesho yake alikuja msichana ofisini, akaniwekea simu mezani. Maswali 20, yote ameyajibu, na mahali pa alama hapakuwa na kitu. Alikuwa amemaliza dakika ya 50, akangoja mtandao urudi ili abofye kitufe cha kuwasilisha, haukurudi. Nyuma yake kwenye varanda kulikuwa na foleni ya wenzake. Ilitubidi turudie CAT yote, na waliokuwa wamefaulu walikasirika kwa haki.

Mpangilio ninaoutumia tangu siku hiyo ni huu. CAT hufunguliwa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa Jumapili saa nne usiku, lakini kila mtu akishaanza ana dakika 45 zake. Angalia hapo kwa makini: mtu akianza Jumapili saa nne kasorobo, atakatwa saa nne kamili hata kama dakika zake hazijaisha, kwa hiyo waambie mapema. Muda ukiisha, kazi ijiwasilishe yenyewe; chaguo hilo lipo, na ndilo la kuchagua. Moodle kwa kawaida huhifadhi majibu kila baada ya dakika moja wakati mwanafunzi yuko mtandaoni, kwa hiyo stima ikipotea anapoteza kidogo. Lakini saa haisimami. Mtandao ukikatika dakika 15, dakika hizo zimekwenda. Atakayekutana na hayo, mpe muda wa ziada yeye peke yake. Moodle inakuruhusu kubadilisha muda wa mwanafunzi mmoja bila kuwagusa wengine. Hakuna sababu ya kurudia CAT ya watu 312 kwa sababu mtaa mmoja ulikuwa gizani.

Utaniuliza, je, wa Jumamosi hawatawapa majibu wa Jumapili? Somo lako ni takwimu, na hapo una bahati. Moodle ina aina ya maswali ya hesabu ambayo humpa kila mwanafunzi namba zake. Swali ni moja, “tafuta wastani wa nauli hizi tano za matatu”, lakini mmoja anapewa 50, 70, 60, 100 na 70, na mwenzake namba nyingine kabisa. Wakisaidiana, itabidi waelezane jinsi ya kufanya, na hilo mimi silioni kuwa wizi. Ongeza benki ya maswali 60, kila mtu apewe 20 yanayochaguliwa na mfumo kwa bahati nasibu. Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna STACK, programu ya maswali ya hisabati iliyoanzishwa na Chris Sangwin nchini Uingereza, nayo huwekwa ndani ya Moodle bila malipo. Inasoma jibu la kialjebra lenyewe, si herufi ya A, B au C, na kumwonyesha mwanafunzi alipokosea. Sio jambo la mbali: Chuo Kikuu cha Maseno, kwa jirani zako hapo kwenye mstari wa ikweta, kilianza kuitumia kwa hisabati mwaka 2019 kwa madarasa makubwa kama lako. Tafuta mhadhiri wa hisabati wa pale, umwombe akuonyeshe swali moja linavyotengenezwa. Safari ya asubuhi moja itakuokolea mwezi wa kujaribujaribu.

Na yale mazoezi madogo ya kila wiki yasiyo na alama, yaache bila kikomo cha muda, maswali yasahihishwe mwishoni, na uweke alama kwenye sehemu inayoruhusu yafanywe bila mtandao kwenye apu. Ukiweka kikomo cha muda, ruhusa hiyo haifanyi kazi.

WhatsApp usiifukuze, ila ipe kazi moja. Kundi moja linaweza kubeba watu 1,024, kwa hiyo darasa lako linaenea. Lifunge ili viongozi wa kundi peke yao waandike, na litumike kwa matangazo: nota za wiki zimewekwa, CAT ni Jumamosi. Nota zenyewe zikae mahali pamoja. Alama usizibandike huko kamwe, hata kwa namba za usajili, kwa sababu wanafunzi wanajuana kwa namba hizo na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu. Pia fikiria kwamba katika kundi kila mmoja anaona namba ya simu ya kila mmoja. Wasichana kadhaa wamenieleza usumbufu walioupata kwa njia hiyo kutoka kwa watu waliochota namba zao kundini. Kama hali ni hiyo darasani kwako, hamishia matangazo kwenye chaneli ya WhatsApp, ambako wafuatiliaji hawaonani namba.

Kuhusu TEHAMA, watu wawili kwa chuo kizima ni wachache mno, na mimi ninawatetea. Lakini angalia pia wanachoandikiwa. Nimeketi mahali pao. Ujumbe unaingia: “Moodle haifunguki.” Mtaalamu anajibu kuuliza ni nani, anatumia nini, anaona nini. Jibu linakuja siku mbili baadaye, naye ana barua nyingine 60. Wafundishe wanafunzi wako waandike hivi: “Jumanne saa tatu asubuhi, simu ya Android, apu ya Moodle, nikibofya Wiki ya 4 naona maandishi haya, picha ya skrini ni hii, jina langu la kuingilia ni hili.” Nenosiri wasiliandike kamwe. Barua ya namna hiyo mara nyingi hujibiwa kwa dakika tano.

Tena shida nyingi hazistahili kufika kwao. Katika wiki mbili za mwanzo wa muhula, karibu kila anayenijia amesahau nenosiri, au ujumbe wa kulibadilisha umetumwa kwenye barua pepe ya chuo ambayo hajawahi kuifungua. Chagua wanafunzi wanane, wanne wavulana na wanne wasichana, wanaokaa sehemu tofauti. Kaa nao saa mbili Ijumaa moja alasiri. Wafundishe mambo matano tu: kuingia mara ya kwanza, kubadilisha nenosiri, kupakua wiki kwenye apu, kuwasilisha kazi na kuhakikisha imefika, na kuandika ile barua ya TEHAMA. Wape cheti kilichosainiwa na mkuu wa idara, kwa sababu wanafanya kazi ya kweli na kitawafaa kwenye maombi ya kazi. Darasa la yule mhadhiri wa Kisumu lilifanya hivyo, na ujumbe wa saa sita usiku ulipungua kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Ukitaka kuandikia chuo, basi usiombe mfumo mpya. Omba nafasi mbili za atachimenti kila muhula kwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wakae kwenye dawati la msaada, omba Wi-Fi ifike nje ya maktaba kwenye mabenchi na kwenye kibanda cha kungojea matatu, na uulize ni nani anayehifadhi nakala za akiba za Moodle na mara ya mwisho zilijaribiwa lini kurudishwa. Hilo la mwisho uliulize mbele ya mkuu wa idara.

Lakini anza na benchi. Wiki hii, mwombe mwanafunzi mmoja mwenye simu ya bei ya chini afungue Wiki ya 3 yako mbele yako, kwa bando yake, na umrudishie gharama hiyo. Usimsaidie na usimwelekeze, angalia tu. Kisha ukishabadilisha nota za wiki tatu, rudi kwenye zile rekodi ulizozitazama juzi, uandike waliofungua kila faili. Video ambayo bado haijafunguliwa na robo ya darasa, iondoe. Ukipata hesabu hizo niandikie tena, nataka sana kujua nota ya wastani ilifunguliwa na wangapi kati ya 312.